Kimeng'enya Kilichovikwa: Maoni Juu ya Istilahi za Dawa Moja ya Saratani

Imetufikia mezani rasimu ya kijitabu cha maelezo ya dawa, kilichofasiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wauguzi na wazazi wa watoto wanaotibiwa lukemia. Kina kurasa kumi na mbili tu, na sehemu kubwa yake yahusu dawa moja: kimeng'enya kiitwacho asparajinasi, na hasa ile namna yake ya baadaye iliyoungwa na polima ili ikae mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mfasiri ametuomba tuzitazame istilahi alizozitumia, tuseme zipi zafaa na zipi hazifai. Kwa kuwa maswali yaliyozuka humo si ya kijitabu kimoja, bali yanamkabili kila mtu anayeandika sayansi ya tiba kwa Kiswahili, tumeona ni vema tuyajibu hapa hadharani badala ya kumwandikia mfasiri barua ya faragha.

Yafaa tuseme jambo moja mapema. Mara nyingi uhakiki wa istilahi hufanywa kama mashindano ya ufundi: nani kabuni neno tamu, nani katohoa ovyo. Katika shauri hili mizani yetu haina budi kuwa nyingine. Neno likikosewa katika hadithi, msomaji hukunja uso, kisha akaendelea. Neno likikosewa katika karatasi iliyobandikwa ukutani, kwenye chumba cha kuchanganyia dawa, mtoto aweza kuchomwa sindano sita mahali palipotakiwa moja. Kwa hiyo kila neno tutakalolitazama tutaliuliza swali moja kwanza: je, mtu aliyelisoma peke yake, usiku, pasipo mtaalamu karibu, atatenda lililo sawa?

DAWA YENYEWE

Hatuwezi kuyapima maneno pasipo kukijua kitu. Mwaka 1953, mjini New York, John Kidd alitangaza kwamba seramu ya damu ya simbilisi huzuia aina fulani za saratani ya limfu katika panya. Mwaka 1961 John Broome alionyesha kwamba kilichomo katika seramu hiyo chenye kufanya kazi ni kimeng'enya asparajinasi. Mwaka 1964 Mashburn na Wriston, nao wa Marekani, walionyesha kwamba kimeng'enya cha namna hiyo kilichotolewa katika bakteria wa Escherichia coli huweza kufanya kazi ile ile. Hapo ndipo ilipowezekana kukitengeneza kwa wingi, maana bakteria hufugika katika mapipa, na simbilisi wa dunia nzima wasingalitosha.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Kuna asidi amino iitwayo asparajini, ambayo Wafaransa Vauquelin na Robiquet waliipata mwaka 1806 katika maji ya mboga ya asparaga. Seli nyingi za mwili hujitengenezea asparajini zinayoihitaji. Seli za lukemia ya limfoblasti, kwa kawaida, haziwezi kujitengenezea ya kutosha. Hutegemea ile inayopita katika damu. Asparajinasi ikitiwa mwilini huivunja asparajini ya damu, ikawa asidi aspatiki na amonia. Seli za saratani hukosa riziki yao, zikafa. Seli nyingine hustahimili kwa kuwa zina jiko lao wenyewe.

Lakini kimeng'enya hiki ni protini ya bakteria, na mwili wa mtu huitambua kuwa ni ngeni. Wagonjwa wengi hupata mzio, na hata wasioupata, dawa hutoweka upesi katika damu. Mwaka 1977 Abuchowski na Davis, pamoja na wenzao, walichapa taarifa za kuunga nyuzi za polima iitwayo poliethilini glikoli kwenye protini mbili za ng'ombe, albumini na katalasi, wakaonyesha kwamba protini zilizoungwa hivyo hukaa katika damu kwa muda mrefu zaidi na huamsha kinga ya mwili kwa uchache zaidi. Njia hiyo hiyo ilitumika kwa asparajinasi. Mwaka 1994 asparajinasi iliyoungwa na polima hiyo, ambayo jina lake la kimataifa ni pegaspargasi, iliidhinishwa Marekani kwa wagonjwa waliopata mzio wa ile ya asili. Na mwaka 2006 idhini hiyo ikapanuliwa ili itumike tangu mwanzo wa matibabu.

Hayo ndiyo yanayotakiwa kusemwa kwa Kiswahili. Sasa tutazame yalivyosemwa.

KIMENG'ENYA, NA MLA ALIYEFANANA NA MLIWA

Neno kimeng'enya limetokana na kitenzi kumeng'enya, yaani kuvunjavunja kitu mpaka kiwe vipande vidogo vidogo. Limekwisha kuenea katika vitabu vya shule, na hatuna nia ya kuling'oa. Ni neno zuri: mwanafunzi aliyejifunza mmeng'enyo wa chakula hulielewa pasipo kufafanuliwa. Hata hivyo lina kasoro ambayo waliolibuni waliijua bila shaka: si kila kimeng'enya huvunja. Vingine huunga na kujenga. Katika masomo ya tumbo na utumbo kasoro hii haionekani. Katika dawa tunayoizungumzia inaonekana kama kidonda.

Rasimu inasema hivi, nasi tunaifupisha kwa maneno yetu: seli za saratani hazina kimeng'enya cha asparajini, kwa hiyo mgonjwa hupewa kimeng'enya cha asparajini. Msomaji aisome sentensi hiyo mara mbili. Mzazi mwenye akili timamu ataelewa nini? Ataelewa kwamba seli za saratani zimepungukiwa na kitu, na kwamba daktari anawaletea kitu kile kile walichopungukiwa. Yaani dawa inalisha ugonjwa. Ukweli ni kinyume kabisa. Kimeng'enya ambacho seli za saratani zimepungukiwa nacho ni kile kinachojenga asparajini. Kimeng'enya anachopewa mgonjwa ni kile kinachoivunja. Vyote viwili vyaweza kuitwa vya asparajini kwa sarufi ya Kiswahili, kwa kuwa kiunganishi cha -a hakisemi ni uhusiano wa namna gani uliopo baina ya vitu viwili. Dawa ya panya humwua panya, dawa ya mtoto humponya mtoto.

Hapa wapo watakaosema kwamba dawa ya tatizo ni kuliacha neno kimeng'enya na kutumia kichocheo. Hatuwaungi mkono. Kichocheo limekwisha kupewa kazi mbili: ya kitu chochote kiharakishacho mabadiliko ya kikemia, na katika vitabu vingine, ya homoni. Kuliongezea kazi ya tatu ni kulichosha. Wala hatuoni kwamba neno lazima lifungwe milele katika maana ya shina lake. Kalamu asili yake ni unyasi uliochongwa. Leo ni ya plastiki na chuma, na hakuna anayelalamika. Kimeng'enya nacho kinaweza kukua kikapita shina lake, madamu mwandishi anakumbuka kwamba shina lingali hai masikioni mwa wasomaji.

Pendekezo letu basi ni hili. Katika maelezo yoyote ambamo vimeng'enya viwili vinafanya kazi zinazopingana juu ya kitu kimoja, kila kimoja kitajwe kwa kazi yake: kimeng'enya kiundaji asparajini, na kimeng'enya kivunjaji asparajini. Kwa namna hiyo sentensi ya rasimu ingesomeka: seli za saratani zina upungufu wa kimeng'enya kiundaji asparajini, kwa hiyo hutegemea asparajini ya damu, mgonjwa hupewa kimeng'enya kivunjaji, ili asparajini ya damu iondoke. Sentensi ni ndefu kidogo. Lakini sasa hakuna awezaye kuipindua.

Liko na jambo la pili katika fungu hili hili. Katika kurasa tatu za rasimu kimeng'enya chenyewe kimeandikwa asparajini, yaani jina lile lile la kitu kinachovunjwa. Mla na mliwa wamepewa jina moja. Twadhani ni kosa la mpiga chapa, lakini kosa hilo lisingalikuwa jepesi hivyo kama kungalikuwa na kanuni moja ya kutohoa majina ya vimeng'enya. Katika maandiko yetu twakuta viishio viwili: wengine huandika -esi, wakifuata matamshi ya Kiingereza, na wengine huandika -asi, wakifuata maandishi. Sisi twapendelea -asi. Sababu ni kwamba Kiswahili hakisemwi na watu waliosoma sayansi kwa Kiingereza peke yake. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi wamesoma kwa Kifaransa, ambamo herufi ni zile zile ila sauti ni nyingine. Tukifuata maandishi tutakutana. Tukifuata matamshi ya taifa moja tutaachana njiani. Kwa hiyo: asparajini ni kitu, asparajinasi ni kimeng'enya chake kivunjaji, na silabi ile moja ya mwisho itazamwe na msahihishaji kama anavyotazama nukta katika hesabu ya dozi.

POLIMA SI MFUKO WA SOKONI

Katika ukurasa wa tano rasimu inamweleza mzazi kwamba dawa imefunikwa kwa plastiki laini. Twaelewa alikotoka mfasiri. Alitaka kumwepusha mzazi na neno geni polima, naye katika jina poliethilini alisikia jina la mifuko. Lakini kwa kumkimbia chui kaingia katika pango la simba. Plastiki kwa msomaji wa leo ni taka. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa Agosti 2017, na Tanzania Bara ikafanya hivyo kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Serikali zimetumia juhudi kubwa kuwafundisha watu kwamba plastiki haiozi, inaziba mitaro na kuua mifugo. Mzazi yule aliyefundishwa hayo leo anaambiwa kwamba inatiwa katika mishipa ya mwanawe. Akikataa, nani wa kumlaumu?

Tena maelezo hayo si ya kweli. Poliethilini ya mfuko hailoweki; maji huteleza juu yake. Poliethilini glikoli huyeyuka katika maji, na kila uzi wake huvuta maji na kuyashika karibu nao. Hiyo ndiyo sababu ya kuchaguliwa: utando huo wa maji hukifanya kimeng'enya kiwe kikubwa zaidi, kisichujwe upesi, na kisishikwe kwa urahisi na kinga ya mwili. Polima hiyo hiyo hutumika katika dawa za kulainisha choo.

Neno polima libaki, na lielezwe mara moja, kwa sentensi moja: molekuli ndefu iliyofanyizwa kwa vipande vidogo vinavyojirudia, kama shanga zilizotungwa katika uzi. Kisha mifano itolewe katika vitu asivyoviogopa mtu. Wanga wa muhogo ni polima. Nyuzi za pamba ni polima. Plastiki ni polima pia, lakini ni mmoja tu wa jamaa, wala si mkuu wa ukoo.

UPEGISHAJI AU UVIKAJI?

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa zaidi, na ndipo tulipokaa sana. Kitendo cha kuunga polima na kimeng'enya rasimu inakiita upegishaji. Kitenzi chake ni kupegisha, na dawa ni iliyopegishwa. Neno limejengwa juu ya herufi tatu za ufupisho wa jina la polima hiyo, PEG, likaongezwa kiambishi cha kutendesha.

Tuna hoja tatu dhidi yake. Kwanza, kiambishi -isha katika Kiswahili humaanisha kumfanya mwingine atende. Anayesomesha anamfanya mwingine asome. Anayelisha anamfanya mwingine ale. Anayepegisha anamfanya mwingine afanye nini? Hakuna kupega. Pili, neno halina chochote ambacho msomaji aweza kukishika. Ni mlango usio na kitasa. Tatu, nalo ni la maana zaidi kwa wanasayansi wenyewe, neno ni jembamba mno. Polima iliyoungwa na protini si lazima iwe poliethilini glikoli. Nchini Japani mwaka 1993 iliidhinishwa dawa ya saratani iliyounganisha protini neokazinostatini na polima nyingine kabisa. Tukisema upegishaji, tumelitaja tawi na kulikosa jina la mti.

Miongoni mwetu walikuwapo waliopendekeza kuambatisha. Ni kitenzi kizuri, lakini kimekwisha kukaa ofisini: kiambatisho ni karatasi iliyoshikizwa kwa pini nyuma ya barua, nayo huondoka pini inapochomolewa. Wengine walipendekeza kupandikiza, nasi tukaogopa kwamba katika kijitabu cha hospitali neno hilo litapelekwa kwenye figo na uboho.

Pendekezo lililotuvuta ni kuvika: kuvika kimeng'enya polima, kimeng'enya kilichovikwa, uvikaji polima. Lilipotolewa lilipingwa kwa hoja mbili nzito, na twaona ni haki zielezwe. Hoja ya kwanza ni kwamba nguo hufunika mwili wote, na kimeng'enya kikifunikwa chote hakiwezi kufanya kazi. Ni kweli kwamba nyuzi za polima huungwa mahali fulani fulani tu juu ya protini, hasa kwenye mabaki ya asidi amino iitwayo lisini, na kwamba zikizidi au zikiangukia karibu na mahali pa kufanyia kazi, nguvu ya kimeng'enya hupungua. Lakini wapingaji wamesahau Kiswahili chao. Mtu huvikwa nguo, naam. Lakini huvikwa pia pete, huvikwa taji, huvikwa shada la maua shingoni. Hakuna aliyefunikwa kwa pete. Kuvika ni kumtia mtu kitu mwilini kikae naye, kiwe kimemfunika au kimemgusa mahali pamoja. Tena aliyevikwa habadiliki kuwa mtu mwingine: mkono ule ule, kazi ile ile. Ndivyo hasa ilivyo kwa dawa hii.

Hoja ya pili ni kwamba nguo huvuliwa, hali muungo wa kovalenti ni imara. Hoja hii ilituchelewesha, mpaka tulipoutazama muungo wenyewe. Katika pegaspargasi kiungo kati ya polima na kimeng'enya ni cha namna inayovunjwa polepole na maji. Baada ya muda nyuzi nyingine hutoka. Ndiyo maana ilitengenezwa dawa nyingine, kalaspargasi, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2018, ambayo kimeng'enya ni kile kile na polima ni ile ile, ila kiungo ni imara zaidi. Kwa maneno mengine, vazi huvuka, na wataalamu wametumia miaka mingi kutafuta kifungo kilicho bora. Sitiari ya kuvika haikuishinda sayansi, iliisubiri.

Kwa hiyo twapendekeza uvikaji polima kuwa istilahi ya jumla. Lakini jina la dawa lenyewe, lile lililoandikwa juu ya chupa, lisifasiriwe hata kidogo. Liachwe katika maandishi ya mtengenezaji, na Kiswahili kifuate kando yake. Sababu ni hizi tarakimu. Maelekezo ya Marekani kwa asparajinasi ya asili, isiyovikwa, yalikuwa uniti 6,000 kwa kila mita mraba ya eneo la mwili, mara tatu kwa juma. Maelekezo ya iliyovikwa kwa watoto ni uniti 2,500 kwa kila mita mraba, na sindano zisikaribiane chini ya siku 14. Muuguzi aliyeandikiwa asparajinasi tu, akaichukua chupa ya iliyovikwa na ratiba ya isiyovikwa, atatoa katika majuma mawili sindano sita za dawa isiyoondoka. Dawa hii huweza kudhuru kongosho na ini, na kugandisha damu mishipani. Katika rasimu maneno hayo mawili yamechanganywa mara nne. Hili peke yake latosha kuirudisha kwa mwandishi.

NUSU-MAISHA: KOSA LETU WENYEWE

Sasa twalazimika kujikosoa. Rasimu inasema kwamba nusu-maisha ya dawa ya asili ni takriban siku moja na robo, na nusu-maisha ya iliyovikwa ni siku zipatazo 5.7. Tarakimu ni sahihi. Neno nusu-maisha ni letu. Tumelitumia wenyewe tulipoeleza habari za madini yenye mnururisho, na hatukuona ubaya, kwa kuwa mawe hayana mama.

Lakini katika wodi ya watoto neno hilo ni la kutisha. Nusu-maisha ya nani? Mzazi aliyeketi kando ya kitanda, akisoma kwamba nusu-maisha ni siku tano, hatafikiri juu ya dawa. Kukopa arusi, kulipa matanga: tulifasiri neno kwa neno, tukafurahi, na leo tunalipa kwa hofu ya watu wengine.

Maana yake ni muda ambao nusu ya dawa iliyopo huondoka. Twapendekeza muda-nusu, na katika maandiko ya umma ielezwe kwa ukamilifu: muda wa dawa kupungua nusu. Mfano unaofaa ni huu. Dawa iliyovikwa, baada ya siku zipatazo sita, imebaki nusu. Baada ya siku zipatazo kumi na moja na nusu, imebaki robo. Ile ya asili, katika siku sita za kwanza tu, imekwisha kupungua nusu zaidi ya mara nne, ikabaki chini ya sehemu moja katika ishirini. Mzazi akiona hesabu hiyo ataelewa mwenyewe kwa nini mwanawe alichomwa mara tatu kwa juma, na kwa nini sasa achomwa mara moja kwa majuma mawili. Hatahitaji neno la ajabu.

KALI, SUGU, NA KISICHOONEKANA

Tunataja kwa ufupi maneno matatu mengine. Rasimu inaita ugonjwa lukemia kali ya limfoblasti, na kuutofautisha na lukemia sugu. Kali hapa limekusudiwa kusema ugonjwa unaokwenda mbio, si ugonjwa usiopona. Kwa hakika lukemia hii ni miongoni mwa saratani za watoto zinazotibika vizuri zaidi: katika nchi tajiri, takriban watoto tisa katika kumi huishi miaka mitano na zaidi. Sugu nalo ni baya zaidi, kwa kuwa twalitumia pia kwa vijidudu na magonjwa yaliyoishinda dawa. Mwenye lukemia ya muda mrefu atadhani kwamba dawa zimekwisha kumshindwa kabla hazijaanza. Twapendekeza lukemia ya kasi na lukemia ya polepole.

Pili, rasimu inasema kwamba kimeng'enya kilichovikwa hakionekani na kinga ya mwili. Huko ni kuahidi kupita uwezo. Wapo wagonjwa ambao miili yao hutengeneza kingamwili dhidi ya dawa iliyovikwa, na wapo wenye kingamwili dhidi ya polima yenyewe. Hao huweza kupata mzio, na mzazi aliyeambiwa kwamba dawa haionekani hatazitazama dalili. Iandikwe: kinga ya mwili hukitambua kwa shida zaidi. Ni maneno machache tu yaliyoongezeka, lakini ndani yake mna macho ya mama yatakayobaki wazi katika saa ile ya kwanza baada ya sindano.

Tatu, yule mnyama aliyeanzisha habari yote hii. Rasimu inamwita nguruwe wa Guinea. Si nguruwe, wala hakutoka Guinea. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Na wala hatuhitaji kumbunia jina: katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania watu humfuga nyumbani kwa kitoweo na humwita simbilisi. Mfasiri aliyekwenda mbali kutafuta neno alilipita mlangoni pa jirani.

HITIMISHO

Msomaji asidhani kwamba twaidharau rasimu. Mfasiri ametumia mzio, kongosho na kingamwili kwa ustadi. Sentensi zake nyingi ni fupi na safi. Na zaidi ya yote amethubutu. Asparajinasi imo katika orodha ya dawa za msingi ya Shirika la Afya Duniani. Inatumika, na itazidi kutumika, katika nchi ambazo Kiswahili ndicho lugha ya mzazi na mara nyingi ndicho lugha ya muuguzi anapozungumza naye. Kuinyamazia kwa kungoja istilahi zilizokamilika ni kumwacha mzazi na karatasi ya lugha asiyoijua. Rasimu yenye makosa yasahihishikayo ni bora kuliko ukurasa mtupu.

Kwa hiyo twapendekeza, na twaomba maoni ya wasomaji kabla ya kuyapeleka mbele: asparajini kwa asidi amino, na asparajinasi kwa kimeng'enya, kimeng'enya kiundaji na kimeng'enya kivunjaji panapokuwa na hatari ya kuchanganya, polima, pasipo kuitwa plastiki, uvikaji polima na kimeng'enya kilichovikwa, muda-nusu badala ya nusu-maisha, lukemia ya kasi na lukemia ya polepole, na simbilisi kwa simbilisi. Jina la dawa juu ya chupa lisiguswe.

Tungependa hasa kusikia kutoka kwa wauguzi. Wataalamu wa lugha wametuandikia mara nyingi, nasi twawashukuru. Lakini juu ya maneno haya, mwenye kauli ya mwisho ni yule ambaye, akiwa na sindano mkononi, amepata kuulizwa na mama wa mtoto: hii ni dawa gani, na itakaa mwilini muda gani? Atuandikie alijibu nini, na kama jibu lake lilieleweka.